Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kuhukumu wengine na kuishi kwa uaminifu kama Mkristo

Haya ni maswali yanayorudi kila mara kwenye vikundi vya kujifunza Neno, baada ya ibada, na usiku usiku inboksi, na mengi yanaulizwa na mtu ambaye juzi tu kaambiwa "usinihukumu" au yeye ndo kamwambia mwenzie. Tunaanza na ya msingi, yale magumu yapo chini. Jibu likiwa lipo kwenye swali lingine nitakuelekeza huko, sitarudia.

## Ya msingi

1. Si Yesu mwenyewe alisema msihukumu? Sasa mbona wakristo kila siku wanasema fulani kakosea?

Alisema, Mathayo 7:1, "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi." Shida ni kwamba wengi tunaishia hapo hapo, huo ndo mstari ambao hata mtu asiyefungua Biblia anaujua kwa kichwa. Endelea kusoma sura ile ile. Mstari wa 5 anasema ukishaitoa boriti kwenye jicho lako ndipo utaona vizuri kukitoa kibanzi kwenye jicho la ndugu yako, kwa hiyo kibanzi bado kinatakiwa kitoke, hajasema kiache. Mstari wa 6 anasema msitupe lulu mbele ya nguruwe, na hilo huwezi kulitii bila kupima uko mbele ya nani. Ukifika wa 15 anaonya kuhusu manabii wa uongo, kwamba tutawatambua kwa matunda yao. Yote hayo ni mahubiri yale yale.

Anachokataza kinaonekana kwenye mstari wa 2, kipimo unachopimia wenzako ndicho utakachopimiwa na wewe. Anamsema mtu aliyejipandisha kwenye kiti cha hakimu, anawapimia wengine kwa kipimo kikali alafu yeye anajipimia kwa kile cha huruma. Na Yohana 7:24 Yesu huyo huyo anawaambia watu waache kuhukumu kwa kuangalia nje tu, wafanye hukumu ya haki. Kwa hiyo akili ya kutofautisha jema na baya hatujanyang'anywa.

2. Kupima mambo na kuhukumu vinatofautianaje? mi naona ni kitu kimoja tu

Kwa nje vinafanana kweli. Kupima ni kuangalia jambo: tendo hili, fundisho hili, linaendana na Neno au haliendani. Kuhukumu kunakokatazwa ni pale unapomfunga mtu mzima mzima: huyu ndo alivyo, hana lolote, hata huo wokovu wake ni maigizo, mbinguni haoni. Hapo umeshatoa hukumu ya mwisho, na Yakobo 4:12 anasema mtoa sheria na mwenye kuhukumu ni mmoja tu, yule awezaye kuokoa na kuangamiza, alafu anauliza, wewe u nani?

Ukitaka kujijua uko upande gani angalia unayasema wapi hayo maneno. Mwenye mzigo na mtu anamwendea mwenyewe, anayehukumu anaongea na kila mtu isipokuwa mhusika. Na kuna kipimo kingine ambacho kinauma: siku ukiambiwa "kumbe haikuwa hivyo, alisingiziwa," moyo wako unafurahi au unasikia kama umenyang'anywa kitu? Ukisikia kaubaridi fulani ka kukosa utamu wa stori, basi ulikuwa unahukumu hata kama kila ulichosema kilikuwa na mstari wa Biblia.

3. Ile habari ya boriti ina maana nisimwambie mtu kitu mpaka niwe mkamilifu?

Hapana, ingekuwa hivyo mahubiri yote duniani yangesimama. Yesu ameweka mpangilio tu, yako kwanza alafu ya ndugu yako. Na ukiangalia vizuri mfano wenyewe, kibanzi kipo kwenye jicho, sasa jicho la mtu hulitolei kitu ukiwa umesimama mbali unapiga kelele, lazima usogee karibu na yeye akubali ukaribie.

Habari ya Daudi kwenye 2 Samweli 12 inaonyesha boriti inavyofanya kazi. Nabii Nathani anampa kisa cha tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, Daudi anawaka hasira, anasema mtu huyo amestahili kufa. Alikuwa mkali kweli kweli juu ya mwizi wa kondoo, na yeye ameshachukua mke wa Uria na kumuua Uria mwenyewe. Mara nyingi dhambi inayotukera sana kwa wengine ina undugu na ile tunayoificha, Paulo analisema wazi Warumi 2:1 kwamba unapomhukumu mwingine wajihukumu mwenyewe kwa maana unafanya yale yale. Kwa hiyo ukiona kosa la mtu fulani linakuwasha kupita kiasi, kabla hujamfuata kaa chini ujiulize kwa nini hilo na sio lingine.

4. Nikisema "hii ni dhambi" nimemhukumu mtu?

Kusema uongo ni dhambi, uzinzi ni dhambi, kumdhulumu mfanyakazi mshahara wake ni dhambi, hayo Mungu ameshasema, wewe unarudia tu. Daktari akisema kipimo kinaonyesha ugonjwa hajakutukana. Inageuka kuwa hukumu ukiongeza vitu ambavyo Mungu hajasema (swali la 11), au ukijua kabisa unasema ili fulani aliyekaa kiti cha tatu aumbuke. Yale mahubiri na statasi za "kuna mtu hapa anajijua" mi naona yana walakini, kama unamjua si umfuate.

5. Na wanaosema "Mungu ndiye anayeujua moyo wangu"?

Ni kweli, 1 Samweli 16:7, "wanadamu huitazama sura ya nje, bali Bwana huutazama moyo." Ila watu wanautumia kama kufuli la mlango, usiniambie kitu. Mungu kuujua moyo wako ni habari ya kutisha zaidi kuliko jirani kukuona, jirani unaweza kumdanganya. Kwa anayetaka kumwambia mwenzie jambo, mstari huo huo unamkumbusha aseme alichokiona na kuishia hapo. "Nilikuona umefanya hivi" unaweza kusema. "Ulifanya hivi kwa sababu una kiburi," hapo umeingia chumba ambacho huna ufunguo.

## Ukimuona mwenzako anakosea

6. Nimemuona ndugu yangu katika Kristo anaharibikiwa, naanzia wapi?

Mathayo 18:15, nenda wewe na yeye peke yenu. Wagalatia 6:1 anaongeza namna ya kwenda, kwa roho ya upole, huku ukijiangalia nafsi yako usije ukajaribiwa wewe nawe, na lengo lililotajwa pale ni kumrejesha, wala sio kumshinda kwa hoja.

Kwa vitendo inakuwa hivi. Usitume meseji ndefu saa sita usiku, meseji haina sauti, atasoma kwa sauti ya hasira hata kama uliandika kwa machozi. Mtafute mkiwa na muda, anza na unachokijua, uliza kabla hujasema: "Kaka, wiki ile nilikuona mahali fulani na hali ile ikanisumbua, nikasema nikuulize mwenyewe kuliko kukaa nalo. Kuna nini?" Alafu nyamaza. Hapo ndo pagumu, kunyamaza. Wengi tukishauliza tunajijibu wenyewe, tunamwaga mistari mitano, mwenzetu hajasema hata neno. Mithali 18:13 inasema kujibu kabla hujasikia ni upumbavu na aibu, na kwenye kuonyana hilo ndo kosa letu namba moja.

Na kama hamna mahusiano kabisa, hujawahi hata kumsalimia ukamuuliza anaendeleaje, jiulize kama wewe ndo mtu sahihi. Mithali 27:6 inasifu jeraha linalotoka kwa rafiki, sio kwa mpita njia.

7. Si bora niombe watu wamwombee kwanza?

Umwombee wewe, ndiyo, na uombe sana. Ila kuna kitu kinaitwa ombi la maombi ambacho ni umbea umevaa kitambaa kichwani. Unakijua. Kwenye grupu inaingia: "Wapendwa tumkumbuke dada yetu fulani kwenye maombi, anapita mahali pagumu, siwezi kusema zaidi." Hiyo "siwezi kusema zaidi" ndo inayofanya kazi yote. Ndani ya dakika chache watu wanaandika amina pale juu alafu huku pembeni wanakuuliza kuna nini, na wewe unamwambia mmoja "naomba ibaki kwako". Mpaka ibada ijayo dada akiingia mlangoni anashangaa mbona salamu zimekuwa za upole namna hii.

Ukihitaji ushauri jinsi ya kumwendea, tafuta mtu mmoja mkomavu asiyevujisha na ikiwezekana usitaje jina.

8. Nitajuaje kama nilichokiona ndicho chenyewe?

Hutajua mpaka uulize, na swali hili natamani watu wangeliuliza zaidi kuliko yote. Biblia ina watu waaminifu kabisa waliokosea hapa.

Eli alikuwa kuhani. 1 Samweli 1, amekaa pale hekaluni anamwangalia Hana, midomo inacheza na sauti haitoki, akajua amelewa, akamwambia aache divai yake. Kumbe mama wa watu ana uchungu wa miaka anaomba mtoto. Macho ya Eli hayakudanganya, midomo kweli ilikuwa inacheza bila sauti, maana aliyoiweka yeye ndo ilikuwa ya uongo. Na mpe haki yake Eli, Hana alipomweleza hakubishana, pale pale akabadilisha maneno yake akamwambia enenda kwa amani na akambariki. Ni wangapi kati yetu wakishasema huyu kalewa wanaweza kurudi hivyo?

Nyingine haihubiriwi sana, Yoshua 22. Kabila la Reubeni, la Gadi na nusu ya Manase wakajenga madhabahu kubwa karibu na Yordani. Makabila mengine yakasikia, yakakusanyika Shilo tayari kwa vita, maana kwa akili zao hawa wameshamwacha Bwana. Ila kabla ya kupigana wakamtuma Finehasi pamoja na wakuu kumi wakaulize. Wakaambiwa madhabahu ile sio ya kutolea sadaka, ni ushahidi tu, ili huko mbele watoto wa upande wa pili wa mto wasije wakaambiwa hawana sehemu katika Bwana. Yaani kitu walichodhani ni uasi kilijengwa na watu wanaoogopa kuachwa nje. Vita ya ndugu kwa ndugu iliishia hapo kwa sababu kuna watu walipanda wakaenda kuuliza.

9. Kama aliyekosea ni mzazi wangu, mzee au kiongozi wa kanisa?

Paulo anamwambia Timotheo, ambaye alikuwa kijana na ni kiongozi, asimkemee mzee bali amwonye kama baba, na wanawake wazee kama mama (1 Timotheo 5:1-2). Kwa hiyo heshima inabaki, ukweli pia unabaki. Kwa mzazi mara nyingi inafaa kuomba ruhusa: "Mama, kuna jambo linanisumbua, naomba nikuambie, nisamehe kama nakosea."

Kwa viongozi mstari wa 19 unasema mashtaka juu ya mzee wa kanisa yasipokelewe ila kwa mashahidi wawili au watatu, hapo analindwa na uzushi. Watumishi wengi wanaishia hapo kusoma. Mstari wa 20 unasema wanaodumu kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote. Ule mstari wa "Msiguse masihi wa Bwana" wanaoutumia kujikinga haujaufuta huu.

10. Nimemwambia hajanisikia, kanibadilikia kabisa

Mathayo 18:16-17 inaendelea, chukua mmoja au wawili, ikishindikana liambie kanisa. Lakini usikimbize, kuna mtu leo anafunga simu kwa hasira na baada ya miezi anakupigia mwenyewe. Ndugu wawili unaowachukua wawe watu wanaompenda na yeye, ukichukua wapambe wako hilo ni jopo la mashtaka. Na hata ikifika mahali kanisa limuone kama mtu wa mataifa na mtoza ushuru, kumbuka watoza ushuru Yesu aliwafanyaje, alienda kula kwao.

## Mambo tunayobishania

11. Mavazi, muziki, nywele, mvinyo, sikukuu... nani yuko sahihi?

Warumi 14 nzima ni ya swali hili. Kanisa la Rumi walikuwa wanagombana kuhusu vyakula na siku, mmoja anakula vyote mwingine anakula mboga tu, mmoja anaitukuza siku fulani mwingine anaona zote sawa. Paulo alikuwa na msimamo wake na ameusema (mstari wa 14), ila hakuwalazimisha. Anayekula asimdharau asiyekula, asiyekula asimhukumu anayekula. Angalia kila upande una dhambi yake, mwenye uhuru anadharau na mwenye kubana anahukumu, na wote wawili wanajiona ndo wa kiroho. "Wewe u nani unayemhukumu mtumishi wa mwingine?" Alafu anamgeukia mwenye uhuru anamwambia usimkwaze ndugu yako kwa chakula, kwa hiyo "mi niko huru katika Kristo" nayo ina mipaka.

Jambo ambalo Maandiko yamelisema wazi usiliingize kwenye kapu hili. Wizi hauna Warumi 14.

12. Vipi kuhusu wasioamini? tuwaambie makosa yao?

1 Wakorintho 5:12-13 Paulo anasema yanihusu nini kuwahukumu walio nje, hao Mungu atawahukumu. Na barua ile ile anawagombeza Wakorintho kwa kumvumilia mtu wa ndani anayeishi na mke wa baba yake na wanajisifu. Sisi tumegeuza kabisa, tunawaka juu ya maisha ya wasanii ambao hawajawahi hata kusema wameokoka, alafu mzee wa kanisa anayedhulumu tunamwita mtumishi. 1 Petro 4:17 inasema hukumu inaanzia katika nyumba ya Mungu.

Kwa asiyeamini unayo habari njema ya kumpa, na akikuuliza tumaini lako umjibu kwa upole na hofu (1 Petro 3:15).

13. Mtu akipata msiba au ugonjwa, naweza kusema ni kwa sababu ya dhambi zake?

Usiseme. Yesu aliletewa habari za Wagalilaya waliouawa na Pilato, akatoa mfano wa watu 18 walioangukiwa na mnara kule Siloamu (Luka 13:4), akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine wa Yerusalemu. Wanafunzi walipomuona kipofu wakauliza nani alitenda dhambi, huyu au wazazi wake, akasema si huyu wala wazazi wake (Yohana 9:3). Marafiki wa Ayubu walikaa siku saba kimya na hapo ndo walifanya vizuri, walipofungua midomo wakaharibu, mwishoni Mungu akawakasirikia wao.

14. Na yule mwanamke aliyetaka kupigwa mawe? Yesu si alimwacha tu?

Yohana 8. Watu wanachukua nusu wanayoitaka. Wa upande mmoja wanakumbuka "wala mimi sikuhukumu", wa upande mwingine wanakumbuka "usitende dhambi tena", na Yesu alisema yote mawili kwa mtu mmoja kwa pumzi moja, na kwa mpangilio huo. Kwanza alimtoa kwenye mawe. Ukianza na la pili wakati bado umeshika jiwe, atakachosikia ni jiwe tu. Na jiulize pia, mwanamume aliyefumaniwa naye alikuwa wapi? Sheria ya Musa ilikuwa inawahusu wote wawili. Hukumu zetu nyingi zina harufu hiyo hiyo, zinamkuta asiye na wa kumtetea.

## Ukiwa wewe ndo unahukumiwa

15. Wananisema kanisani, niache kwenda?

Kwanza pole, inauma kuliko kusemwa na watu wa nje. Kabla ya kuondoka tenganisha vitu viwili, je kuna ukweli ndani ya wanayoyasema hata kama wameyasema vibaya? Kama upo chukua huo, ganda tupa. Kama haupo, 1 Wakorintho 4:3-4 Paulo anasema kwake ni kitu kidogo sana kuhukumiwa na watu, na anaongeza kwamba hata yeye mwenyewe hajihukumu, anayemhukumu ni Bwana. Sio kwamba hakuumia, barua zake zimejaa maumivu.

Mtafute mmoja wa wanaokusema uongee naye, fanya swali la 6 kinyumenyume. Ukiona mahali penyewe pameoza, kubadilisha kanisa sio kumwacha Mungu. Ila usibaki peke yako nyumbani miaka ukisema wote wanafiki, hapo na wewe umeshahukumu kanisa zima.

16. Shida yangu sio watu, najihukumu mwenyewe. Nimetubu dhambi ile ile mara nyingi mpaka naona aibu kuomba

Wanaouliza hili mara nyingi ni watu wenye dhamiri laini, wale wagumu hawaulizi. 1 Yohana 1:9 haikuweka idadi. Yesu alimwambia Petro asamehe saba mara sabini, sasa unadhani anatudai sisi huruma ambayo yeye mwenyewe hana? 1 Yohana 3:20 inasema mioyo yetu ikituhukumu, Mungu ni mkuu kuliko mioyo yetu naye anajua yote. Kiti cha hakimu sio chako hata kwa kesi yako mwenyewe.

Ila kuna upande wa vitendo. Dhambi inayojirudia inapenda giza, mwambie mtu mmoja unayemwamini (Yakobo 5:16), na ukate njia inayokupeleka huko, kama ni simu usiku basi simu ilale chumba kingine. Kama hiyo hali ya kujilaumu inakunyima usingizi au unawaza kujidhuru, mwone mtaalamu wa afya ya akili mapema na umwambie mtu wa karibu leo, kufanya hivyo sio kukosa imani.

17. Nilirudi nyuma, nikirudi watanitazamaje?

Wengine vibaya, nisikudanganye. Kaka wa mwana mpotevu alikuwepo nyumbani siku zote na ndo aliyegoma kuingia kwenye sherehe. Lakini sherehe haikuwa yake. Na kwa mliobaki kanisani, 2 Wakorintho 2:6-8, kuna mtu alikuwa ameadhibiwa na wengi, Paulo anasema inatosha, msamehe na mfariji asije akamezwa na huzuni. Akirudi mtu msimwekee kipindi cha kumwangalia kwa pembe ya jicho.

## Kuishi kwa uaminifu

18. Kuishi kwa uaminifu ni kutokosea?

Hapana. Ni kuwa mtu mmoja mahali pote, yule anayeimba ndo yule anayelipa madeni yake, ndo yule anayeongea na mke wake mlango ukifungwa. Mika 6:8 imeweka mambo matatu, kutenda haki, kupenda rehema, kwenda kwa unyenyekevu na Mungu wako. Wengi tuna moja au mbili. Mwenye haki bila rehema ndo huyo hakimu tunayemsema tangu juu.

19. Nikianguka wakati nimekuwa nikiwashauri wengine, mimi ni mnafiki?

Mnafiki ni anayeigiza na hana mpango wa kuacha. Kwenye Luka 18 Farisayo na mtoza ushuru wanaomba hekaluni, na Farisayo hakusema uongo kuhusu kufunga mara mbili kwa juma, alifunga kweli, tatizo alikuwa anamwangalia mtoza ushuru huku anaomba. Ukianguka kiri mapema, kabla hujakamatwa, na kama ulikuwa na nafasi ya uongozi kubali kukaa pembeni kwa muda bila kuanzisha kanisa lako wiki inayofuata.

## Kesi ngumu

20. Mtu anapiga familia yake, au ananyanyasa watoto, na tunaambiwa "tusihukumu, tumwombee"

Hapa nasema bila kuzunguka, huo ni uovu unaotumia mstari wa Biblia kujifichia. Mathayo 18:15 haimwagizi mtoto aende peke yake kwa aliyemuumiza, na sura hiyo hiyo mstari wa 6 ndo ya jiwe la kusagia na vilindi vya bahari kwa anayewakosesha wadogo. Jinai inapelekwa kwenye vyombo vya sheria, Warumi 13:4 inasema mamlaka haichukui upanga bure. Kwanza mhanga awe salama, ripoti itolewe, alafu mambo ya toba na maombi yatafuata, na toba ya kweli haikimbii polisi.

21. Naweza kumtaja hadharani mtumishi anayepotosha?

Inategemea kosa limefanyika wapi na linamuumiza nani. Apolo alikuwa anafundisha kwa bidii ila hajakamilika, Prisila na Akila wakamchukua kwao wakamweleza kwa usahihi zaidi (Matendo 18:26), hakuna aliyejua. Petro kule Antiokia alijitenga na watu wa mataifa wakati wa kula, hadi Barnaba akachukuliwa na unafiki ule, Paulo akampinga mbele ya wote (Wagalatia 2:11-14), kwa sababu kosa lilikuwa la wazi na lilikuwa linawabomoa wengine. Kwa hiyo fundisho lililotolewa laivu mbele ya maelfu unaweza kulijibu wazi. Jibu alichosema, sikiliza vidio nzima maana kile kipande cha sekunde thelathini kimekatwa na mtu mwenye nia yake, na achana na ndoa yake na sura yake.

22. Na kukomenti kwenye posti za watu?

Humjui, hakujui, huwezi kumuuliza, na watu wengine wanaangalia nani kashinda. Masharti yote ya swali la 6 yamekosekana. Skrinshoti ya mtu aliyeanguka hata usiisambaze "kwa ajili ya maombi", soma swali la 7.

23. Nimemsamehe ila sitaki ukaribu naye tena, nimemhukumu?

Kusamehe ni kuachilia deni, kuaminiana upya ni kitu kingine kinachojengwa na yeye kwa matendo yake. Ukiwa na aliyekuumiza mara kwa mara unaweza kumwombea mema kabisa na namba yake bado umeiblok. Jiangalie tu usije ukageuza umbali kuwa adhabu, ukifurahi kusikia mambo yake hayaendi bado hujamaliza kusamehe.

24. Nimeulizwa kuhusu mtu anayetaka kuchumbia, au anaomba kazi, na ninajua mambo yake. Nikisema ukweli nimehukumu?

Hapana, aliyeuliza ana haki ya kujua kabla hajaingia, na kunyamaza kwako kunaweza kumgharimu maisha. Sema ulichokiona mwenyewe na lini, "mwaka ule alikopa na hakurudisha, sijui sasa hivi yukoje," maana watu wanabadilika na wewe huenda unatoa habari ya zamani. Usiweke maoni kuhusu moyo wake. Ukiweza mwambie na mhusika kwamba umeulizwa na umesema nini. Na kama ulichonacho ni tetesi tu za grupu, jibu lake ni fupi: sijui, muulize mwenyewe.